Je, wajua kwa nini ulinzi wa mawakili wa serikali hauishii getini?

Ukiingia ofisi ya waendesha mashtaka wa serikali kuu nchini Marekani, utakaguliwa kama uko uwanja wa ndege. Ukaguzi huo ulikazwa baada ya bomu la tarehe 19 Aprili 1995 lililoua watu 168 katika jengo la serikali mjini Oklahoma City. Kesho yake Rais Bill Clinton aliagiza hali ya majengo ya serikali ichunguzwe, na kabla ya Juni kwisha yalikuwa yamepangwa katika madaraja 5, kwa kuangalia ukubwa wa jengo, idadi ya wafanyakazi na wingi wa wananchi wanaoingia. Kila daraja likapewa masharti yake ya ulinzi.

Lakini anayetaka kumnyamazisha mwendesha mashtaka hana haja ya kupita getini. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 2001, Thomas Wales, mwendesha mashtaka wa serikali kuu mjini Seattle, alikuwa nyumbani kwake kwenye chumba cha chini, yuko kwenye kompyuta. Mtu alimpiga risasi kupitia dirishani. Miaka zaidi ya 20 ilipita bila yeyote kushtakiwa kwa mauaji hayo.

Kwetu Afrika Mashariki tuna jeraha letu. Jioni ya tarehe 30 Machi 2015, Joan Kagezi, mwendesha mashtaka wa Uganda, alisimamisha gari kando ya barabara, pembezoni mwa Kampala, anunue mahitaji ya nyumbani. Watoto wake walikuwa ndani ya gari. Waliompiga risasi na kumuua walikuja kwa pikipiki. Alikuwa akiongoza mashtaka ya mabomu ya Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70 jijini humo, na kesi ilikuwa imeanza kusikilizwa mwezi huohuo.

Kwa hiyo msimamizi wa usalama katika ofisi ya namna hii, ambaye Marekani kila ofisi ya wilaya huwa naye, hashughuliki na mlango peke yake. Anapokea taarifa za vitisho, hata simu iliyokatwa bila neno, na kuziangalia pamoja na kesi iliyo mezani. Anawafundisha mawakili wabadili njia za kwenda nyumbani na wasianike makazi yao mitandaoni. Kitisho kikiwa kizito, maafisa wa U.S. Marshals, askari wa serikali kuu ya Marekani, wanaingia kazini, maana sheria inawapa mamlaka ya kuwalinda majaji, maofisa wa mahakama na mashahidi. Naamini ulinzi wa aina hii ni haki ya mwendesha mashtaka, si upendeleo.

Jambo jingine ni kutoacha kesi kichwani mwa mtu mmoja. Jalada likiwa kamili na wenzake wakilifahamu, kumuua wakili hakuiui kesi. Kesi ya Kampala ilisimama kwa muda, kisha ikaendelea, na Mei 2016 washtakiwa 7 wakatiwa hatiani kwa ugaidi.

Kisha kuna ulinzi wa vielelezo, yaani vitu vya ushahidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasisitiza umuhimu wa safari ya kielelezo kuonekana kwenye maandishi: nani alikikamata, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, tangu kilipokamatwa hadi kinapotolewa mahakamani. Ndiyo maana ufunguo wa chumba cha vielelezo hupewa watu wachache, na kila anayechukua bunduki au kifurushi cha dawa za kulevya huandika jina, saa na sahihi kwenye rejista kabla hajatoka nacho.