Usugu wa dawa: tunayoambizana vijana na ukweli wenyewe

Kuna maneno tunaambizana kila siku kuhusu dawa, kwenye magrupu, hosteli, kazini, na mengi yanasemwa kwa nia njema kabisa, mtu anakuona unaumwa anakuonea huruma anakupa vidonge vyake. Shida ni kwamba baadhi ya hayo maneno ndo yanazidi kututengenezea bakteria wasiosikia dawa. Mwaka 2019 bakteria sugu walikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani na kuchangia vifo karibu milioni 4.95. Ukisikia namba hizo unaweza kudhani kuna ugonjwa mpya umeingia, hapana, ni yaleyale ya siku zote, nimonia, U.T.I, kidonda kilichooza, maambukizi kwenye damu, ila dawa iliyokuwa inayamaliza sasa haimalizi.

"Mwili wangu umeshaizoea dawa"

Hii ndo naisikia kuliko zote na nadhani ndo inazaa nyingine. Mtu anakwambia mi amoksi hainishiki tena, mwili umeizoea, bora niwe nabadilisha. Mwili wako haujazoea chochote! Antibayotiki kama hiyo amoksi (amoksisilini) inamlenga bakteria, kwahiyo anayegeuka sugu ni bakteria mwenyewe. Iko hivi, ndani yako wanaishi bakteria kwa matrilioni na wengi hawana ubaya, wa utumboni hata wanakusaidia, sasa kwenye kundi kubwa namna hiyo wapo wachache ambao vinasaba vyao vimebadilika na dawa fulani haiwawezi, wengine wana kimeng'enya, yaani protini ya kuivunja, wengine wana pampu ya kuitoa nje kabla haijafanya kazi. Ukimeza dawa wale dhaifu wanakufa, hawa wachache wanabaki peke yao na nafasi yote ni yao, na bakteria kama E. coli akipata mazingira mazuri anagawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, hebu piga hesabu mpaka asubuhi wako wangapi. Kibaya zaidi wanapeana mbinu. Kuna kipande kidogo cha DNA kinaitwa plasmidi, bakteria anampa mwenzie hata kama sio wa aina moja, yaani yule asiye na madhara wa tumboni kwako anaweza kumpa usugu yule atakayekuua.

Ukishaelewa hapo utaona kwanini hata ile ya "mi situmii dawa ovyo, hainihusu" haisimami. Bakteria sugu anahama kwa mikono, kwa maji, kwa chakula, kwa ngono, kwa vitanda vya wodini. Unaweza ukakaa miaka hujagusa antibayotiki na bado ukaambukizwa bakteria ambaye tayari alishakuwa sugu kwa mtu mwingine. Na mifugo nayo imo humuhumu, antibayotiki nyingi duniani zinatumika kwa wanyama, mara nyingine hata hawaumwi, wanapewa tu wakue haraka.

"Makamasi yamekuwa ya kijani, hapo lazima antibayotiki"

Hapana. Rangi ile inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana, na zinapambana hivohivo hata kama ni virusi. Mafua, na kikohozi na koo za kawaida nyingi, ni virusi, na antibayotiki haiui virusi hata umeze pakiti nzima. Utapona siku zilezile ambazo ungepona, alafu bakteria wako wa tumboni umeshawachuja bure. Ila ukiona unapumua kwa shida, homa haishuki, au ulikuwa unapata nafuu ukageuka vibaya, nenda ukapimwe, usikae unajifariji kwamba ni virusi.

"Nimebakiza vinne, chukua"

Wema huu una hatari. Wewe ulipewa kwa ugonjwa wako, mwenzio hujui ana nini, pengine ni bakteria mwingine kabisa ambaye dawa hiyo haimgusi, na vinne sio dozi ya kitu chochote. Alafu kuna watu penisilini na ndugu zake kama amoksi zinawaletea aleji mpaka koo linavimba, pumzi inakata. Hilo tu lingetosha kutuzuia.

"Nimepata nafuu, naacha" na pacha wake "nikizidisha siku ndo napona vizuri"

Zote mbili ni kujiamulia. Usikatishe mwenyewe, kama dawa inakusumbua rudi useme. Lakini pia sio kwamba siku nyingi ndo salama zaidi, kwa baadhi ya maambukizi utafiti umeonyesha dozi fupi inafanya kazi sawa na ndefu, ndo maana siku hizi daktari anaweza kukuandikia siku 5 ugonjwa ambao zamani ulikuwa wa siku 10, hajakosea wala hajakubania. TB ni habari nyingine. Ile ni miezi, na kurukaruka dozi ni njia mojawapo ya kupata TB sugu isiyosikia rifampisini na isoniazidi, dawa mbili zinazobeba tiba yenyewe.

"Nikimeza baada ya kulala na mtu niko salama"

Hapa naomba tuongee wazi maana hili linatuhusu vijana sana na aibu ndo inalikuza. Mtu amelala na mtu bila kondomu, ana wasiwasi, haendi kliniki, anamuuliza rafiki, anameza vidonge viwili vya sipro (siprofloksasini, antibayotiki nyingine) anaendelea na maisha. Kisonono kimeshinda karibu kila dawa tuliyokitupia, kuanzia salfa miaka ya 1930 na 1940, penisilini, tetrasaiklini, mpaka hiyo hiyo sipro ambayo sehemu nyingi imeshachoka, sasa hivi tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni na tayari wameshaonekana bakteria wa kisonono wanaoihimili. Kwahiyo vile vidonge viwili huenda havijaua kitu, vimekutuliza moyo tu. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, nayo mara nyingi haina dalili, unaweza kuibeba miezi na kumpa mwingine bila kujua, na kwa mwanamke inaweza kuharibu mirija ya uzazi. Ni kweli wapo watu ambao daktari huwaandikia antibayotiki ya doksisaiklini ya kujikinga, lakini huo ni mpango wenye vipimo na ufuatiliaji, sio ushauri wa inbox. Kondomu, kipimo, na mwenzio naye atibiwe. Mtoa huduma anayekucheka ndo mwenye tatizo, tafuta mwingine, usirudi kwenye vidonge vya rafiki.

"Nipe ile kali kabisa"

Kali sio bora. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki makundi matatu, za kuanzia, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba ambazo zinangoja mgonjwa aliyeshindikana. Ukilazimisha upewe ya akiba kwa koo lako, unaongeza nafasi ya bakteria kuijua mapema. Badala yake uliza maswali, je huyu ni bakteria kweli, kuna kipimo, nameza siku ngapi. Mfamasia mzuri hatachukia.

"Wanasayansi watatoa nyingine"

Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, na alipopokea tuzo ya Nobel Desemba 1945 alionya hadharani kwamba vijidudu vikipewa dozi ndogo isiyoua vinajifunza kuihimili. Antibayotiki ya methisilini iliingia 1959 kwa ajili ya stafilokokasi, bakteria wa ngozi na vidonda, walioshinda penisilini, na 1961 Uingereza ikaripoti stafilokokasi wasioijali. Kutengeneza dawa mpya kunachukua miaka mingi na hela nyingi, alafu ikitoka inatakiwa ifichwe iwe ya akiba, mgonjwa anaitumia siku chache tu, kwahiyo mauzo hayarudishi gharama. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilifanikiwa kabisa, antibayotiki yake ya plazomisini ikaidhinishwa Juni 2018. Aprili 2019 ikaomba kufilisiwa.