Makazi ya kasa ni nini, na Bukavu inahusikaje

Makazi ya mnyama ni jumla ya mahali pote anapopahitaji ili azaliwe, ale, akue na azae. Kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, tumezoea kuyafikiria kama sehemu moja: gorila ana msitu wake wa Kahuzi-Biega, sambaza, samaki wetu mdogo, ana ziwa lake. Kasa, yaani kobe wa baharini, hatoshi katika picha hiyo.

Duniani kuna aina 7 za kasa, na baadhi hutaga hapa Kongo, kwenye ufuo wa Muanda. Ni ukanda wa takriban kilomita 40 tu, mlango pekee wa nchi yetu kwenye Bahari ya Atlantiki. Mmoja wao ni noa, kasa mkubwa kuliko wote, ambaye mgongo wake umefunikwa na ngozi badala ya gamba gumu.

Jike hutoka majini usiku, akijikokota kwa uzito wake. Huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, huangusha mayai yapatayo 100 yenye ganda laini, huyafukia, kisha huyo, amerudi baharini. Hayaatamii wala hayalindi. Kazi iliyobaki ni ya mchanga. Joto lake huyalea mayai kwa muda wa miezi 2 hivi, na ndilo linaloamua jinsia: mchanga ukipita nyuzi 29 au karibu na hapo, wengi huwa majike; ukiwa wa baridi zaidi, wengi huwa madume. Vifaranga wakishatoka hufuata upande wenye mwanga, na ufuo usipokuwa na taa, upande huo ni bahari. Taa zikiwaka nchi kavu, huelekea huko wakafa. Kwa hiyo hata giza ni sehemu ya makazi ya kasa. Mtu anaweza kuuzungushia ufuo ukuta mrefu, akaweka na walinzi, lakini akiacha taa kali zinawaka bado hajayahifadhi makazi hayo.

Tumeyajuaje haya? Kwa utafiti wa miaka mingi. Kuanzia miaka ya 1950, Mmarekani Archie Carr alikuwa akiwavisha kasa vibati vyenye namba huko Tortuguero, Kosta Rika. Vibati vilionyesha kwamba majike hurudi kutaga kwenye ufuo uleule, na kwamba wakimaliza huenda kula mbali, wengi kwenye maji ya nchi jirani ya Nikaragua. Kuwalinda upande mmoja tu, basi, hakukutosha. Tortuguero ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1975. Kwetu, Hifadhi ya Mikoko ya Muanda iliundwa mwaka 1992, nayo iko chini ya ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi mazingira asilia, ileile inayosimamia Kahuzi-Biega na Virunga.

Sasa Bukavu, mji wetu ulio kando ya Ziwa Kivu. Maji ya Ziwa Kivu hutoka kwa mto Ruzizi, huingia Ziwa Tanganyika, hupita mto Lukuga pale Kalemie, hujiunga na mto Lualaba, kisha mto Kongo huyafikisha baharini Banana, jirani ya Muanda. Sisemi kila sashe, yaani mfuko wa plastiki, inayotupwa Kadutu, mtaa wa Bukavu, inafika huko. Nyingi huzama, au hunasa kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, ambako taka zimewahi kuziba mitambo na mji ukakosa umeme. Lakini njia ni moja, na miji iliyo kandokando yake ni mingi. Noa hula konyeza, viumbe laini vinavyoelea baharini, na sashe iliyolowa inafanana nao sana. Koo lake lina miiba iliyoelekea ndani, kwa hiyo alichokimeza hawezi kukitema kirahisi.

Ndiyo maana naona elimu juu ya kasa ina nafasi hata katika shule za Bukavu, ambako hakuna mtoto aliyewahi kumwona. Mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye mto Kawa baada ya mvua, waandike kila kinachopita kuelekea ziwani: chupa, viatu vya plastiki, sashe nyeusi za sokoni. Kisha warudi kwenye ramani. Amri ya kupiga marufuku sashe ilitiwa saini Desemba 2017, na watoto hao wana haki ya kuuliza kwa nini bado wanaziona.