Ndege wa majira ya baridi ukingoni mwa Ziwa Ontario: wape nafasi, usiwape mkate

Kila ifikapo Desemba, malalamiko tunayopokea kuhusu bustani zilizo kando ya Ziwa Ontario jijini Toronto huongezeka, na mengi huhusu mambo matatu: watu wanaowatupia bata mkate, watu wanaomzingira bundi kwa kamera, na watu wanaokanyaga barafu ambayo hakuna aliyeipima. Miongoni mwa wanaolalamikiwa wamo wasomaji wa Kiswahili. Jamii yetu hapa, yenye watu wa Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na kwingineko, imeanza kuzitembelea bustani hizi hata wakati wa theluji, na mimi ninayefanya kazi ya elimu ya wanyamapori katika taasisi ya uhifadhi nalifurahia sana jambo hilo. Naandika nikiamini kwamba wengi wanaovunja kanuni hizi huzivunja kwa huruma au kwa kutojua, wala si kwa ubaya. Nieleze pia mapema kwamba yaliyomo humu ni elimu ya jumla kuhusu kanuni, na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini ndege hawa wapo hapa katika baridi kali kiasi hiki, na jibu lake ndilo linalobeba kanuni zote zinazofuata. Ziwa Ontario lina kina cha wastani wa mita 86, na mahali penye kina kirefu zaidi hufikia mita 244. Maji mengi kiasi hicho huhifadhi joto la kiangazi kwa miezi mingi, na kwa sababu hiyo ni nadra sana ziwa hili kuganda lote, hata pale maelfu ya maziwa madogo ya kaskazini yanapokuwa yamefunikwa na barafu. Bata wanaozaliana Aktiki hushuka hadi hapa kwa sababu hapa maji yamebaki wazi. Ukisimama Humber Bay, Ashbridges Bay au Colonel Samuel Smith Park mwezi Januari ukiwa na darubini, utamwona bata mkia-mrefu akizama na kuibuka. Ni miongoni mwa bata wanaozama chini kuliko wote, na amewahi kufikia kina cha takriban mita 60. Hula kome na viumbe wengine wadogo wa majini, wakiwemo kome wageni wenye mistari waliogunduliwa katika Maziwa Makuu mwaka 1988. Hakuna mtu aliyewahi kumlisha bata huyu. Kwake yeye Toronto ndiko kusini kwenye joto, naye amekuja akijua chakula chake kilipo.

Anachokosa ni ziada. Siku ni fupi, usiku ni mrefu, na kila chembe ya nguvu aliyoipata kwa kuzama lazima imfikishe kesho asubuhi. Bata aliyelala juu ya maji huku ameficha mdomo katika manyoya ya mgongo anaweka akiba, kama mtu anayebana matumizi mwisho wa mwezi. Kila anapolazimika kuruka kwa kuogopa mtoto anayekimbia, mbwa aliyefunguliwa au mpiga picha aliyeshuka hadi kwenye mawe ya ukingoni, akiba hiyo hutumika bila faida. Mkimruhusu apumzike mtamwona kwa muda mrefu zaidi. Simameni mahali pamoja kwa dakika kumi bila kelele, na mara nyingi bata wenyewe hujisogeza karibu.

Sasa nije kwenye mkate. Tangu tarehe 1 Aprili 2023, sheria ndogo ya Jiji la Toronto kuhusu wanyama, yaani Sura ya 349 ya Kanuni za Manispaa, inakataza kuwalisha wanyamapori au kuwaachia chakula, mahali pa umma na pia katika kiwanja binafsi. Njiwa wa mtaani wamo katika katazo hilo. Kilishio cha ndege wadogo nyumbani kinaruhusiwa, mradi kiwe safi na kisivute wanyama wengine, jambo ambalo kwa vitendo lina maana kwamba nafaka zinazomwagika chini zifagiliwe kabla ya panya kuzizoea. Naambiwa mara kwa mara kwamba kanuni hii ni ya kikatili, kwa sababu ndege watakufa njaa. Hawatakufa njaa kwa kukosa mkate. Nimelieleza jambo hili katika mikutano mingi kiasi kwamba naomba sasa lipokewe: bata bukini wa Kanada hula majani, na wakati theluji imefunika majani ana mbawa za kumfikisha mahali pasipo na theluji. Mkate humshibisha bila kumlisha, na humfundisha kubaki mahali ambapo asingebaki. Makundi yanapobanana mahali pamoja huchafua maji kwa kinyesi, hupigana, na huambukizana maradhi. Virusi vya mafua ya ndege vya aina ya H5N1 vilithibitishwa katika jimbo la Newfoundland na Labrador Desemba 2021, na bata na mabata bukini ni miongoni mwa ndege wanaovibeba. Isitoshe, vifaranga wanaokua kwa chakula chenye wanga mwingi wanaweza kupata ulemavu wa bawa, ambapo sehemu ya mwisho ya bawa hugeuka nje na ndege hawezi kuruka. Akishakomaa nao, hautibiki. Wazazi waliozoeshwa mkate mwezi Februari huwaleta vifaranga wao palepale mwezi Mei.

Kuhusu adhabu, napenda kueleza utaratibu kwa ukamilifu, kwa kuwa watu wengi huitupa hati wanayopewa na afisa wa Jiji wakidhani ni onyo tu. Afisa anaweza kukuelimisha na kukuacha, na hilo hutokea. Anaweza pia kukuandikia hati ya kosa chini ya sheria ya mkoa wa Ontario inayosimamia makosa ya namna hii. Ukipewa hati hiyo, una siku 15 za kuchagua moja kati ya njia tatu: kulipa, kuomba kukutana na mwendesha mashtaka ili mjadili suluhu ya mapema, au kuomba shauri lisikilizwe mahakamani. Ukikaa kimya, sheria huchukulia kwamba hupingi, na unaweza kutiwa hatiani bila wewe kuwepo. Jumla iliyoandikwa kwenye hati huwa kubwa kuliko faini yenyewe, kwa sababu gharama za mahakama na tozo ya wahanga wa makosa huongezwa juu yake. Anayehitaji mkalimani katika shauri lake aseme hivyo mapema, anapojaza fomu, asisubiri siku ya kufika mahakamani. Kusema kwamba hukuliona bango hakufuti kosa, ingawa unaweza kulieleza jambo hilo mbele ya mwendesha mashtaka.

Bundi anahitaji maelezo yake peke yake. Katika baadhi ya majira ya baridi, bundi wa theluji hushuka kutoka Aktiki na kutua ukingoni mwa ziwa, kwa sababu mahali peupe, tambarare na pasipo miti hufanana na kwao. Tangu mwaka 2017 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini. Bundi huyu huwinda hata mchana, na anapokuwa ametulia juu ya gati au jiwe, huwa anapumzika au anangoja. Akianza kusimama wima, akakukazia macho aliyokuwa ameyafumba nusu, umeshakaribia mno; rudi nyuma taratibu. Akiruka, kunguru na shakwe humwandama, na anaweza kuipoteza siku nzima ya mawindo. Bundi wenye masikio marefu, ambao hulala mchana ndani ya misonobari, ni waoga zaidi, na ndiyo maana watazamaji wazoefu hawatangazi mti walipo. Kuwarushia panya ili wasogee mbele ya kamera ni tendo tunaloliomba likome kabisa, kwa sababu linamzoesha bundi kuwafuata watu na kushuka karibu na barabara zenye magari.

Watu wengi hudhani kwamba sheria inayowalinda bata ndiyo hiyohiyo inayomlinda bundi, na hapo hukosea. Bata, bata bukini na batamaji wanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 kuhusu ndege wahamao, ambayo chanzo chake ni mkataba uliotiwa saini mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada. Bundi hayumo humo. Yeye yumo katika Sheria ya Ontario ya Uhifadhi wa Samaki na Wanyamapori ya mwaka 1997, inayomtambua bundi wa theluji kuwa ndege mwindaji anayelindwa kwa namna ya pekee. Katika sheria hiyo, maana ya kuwinda ni pana: kumfukuza au kumfuatilia mnyama kwa nia ya kumsumbua ni kuwinda, hata kama hukuwa na silaha na hata kama hakuumia. Mtu binafsi akitiwa hatiani chini ya sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 25,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nalitaja hili pia kwa ajili ya wazee wetu ambao bado wanamwona bundi kuwa ndege wa uchuro. Imani ya mtu naiheshimu, lakini anayemtupia bundi jiwe au kumswaga ili aondoke karibu na watu huingia katika kosa hilo, na sababu yake haitampa kinga.

Mbwa sitawazungumzia kwa urefu. Kamba isizidi mita mbili, na katika Tommy Thompson Park mbwa hawaruhusiwi kabisa, hata wakiwa ndani ya gari. Hifadhi hiyo ni rasi iliyojengwa na binadamu kwa vifusi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, imeingia ziwani karibu kilomita tano, na zaidi ya aina 300 za ndege zimerekodiwa humo. Hakuna sehemu yake iliyotengwa kwa ajili ya mbwa.

Linalonitia hofu kuliko yote ni barafu, nami naomba msomaji anivumilie hapa. Wengi wetu tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika, Ziwa Viktoria au Bahari ya Hindi, ambako hatari ya maji ni mawimbi, kina na mamba. Hatukurithi kutoka kwa wazazi wetu ujuzi wa kuisoma barafu, kama mtoto wa Kigoma anavyorithi ujuzi wa kuusoma upepo. Nimesema kwamba ziwa kubwa haligandi lote. Lakini ghuba ndogo, mabandari ya mashua na madimbwi kama Grenadier Pond huganda juu, na theluji ikishaanguka, barafu nene na barafu nyembamba huonekana sawa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada hushauri unene wa angalau sentimita 15 kwa mtu mmoja anayetembea, na sentimita 20 kwa kundi. Unene huo haupimwi kwa macho, wala kwa kuona kwamba mtu mwingine amepita. Palipo na bango la kukataza, kuikanyaga barafu bustanini ni kosa. Pasipo na bango, hiyo si ruhusa.

Kinachowapeleka watu kwenye barafu mara nyingi ni ndege. Mtu humwona bata au bata bukini ameketi kwa saa nyingi bila kusogea, akaamini kwamba miguu imegandia, akaamua kwenda kumkomboa. Tafadhali msifanye hivyo. Katika miguu ya bata, mshipa unaoteremsha damu ya moto hupita sambamba na ule unaopandisha damu iliyopoa, joto huhama kutoka huu kwenda ule, na miguu hubaki na ubaridi unaokaribia ule wa barafu bila ndege kudhurika. Ameketi ili kuifunika miguu yake. Ukimkaribia ataruka, na wewe utabaki katikati ya barafu.

Anayetumbukia ana takriban dakika moja ya kutuliza pumzi inayomtoka kwa nguvu, takriban dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inamtii, na takriban saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa mwili kupoa. Ageukie upande aliotokea, kwa kuwa barafu ya huko ndiyo iliyomhimili, apige miguu kama anayeogelea, alale kifudifudi juu ya barafu na ajiviringishe hadi ufukweni bila kusimama. Aliye ufukweni asimfuate. Apige simu 911, kisha arushe kamba, skafu au tawi refu. Mawe ya kingo nayo hufunikwa na maji yanayorushwa na mawimbi na kuganda kama kioo, kwa hiyo baki kwenye njia hata kama picha nzuri iko chini.

Wanaotaka kufanya zaidi ya kutazama wanakaribishwa katika hesabu ya ndege ya Krismasi, ambayo hufanyika kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari ndani ya duara lenye kipenyo cha kilomita 24. Hesabu ya kwanza ilifanyika tarehe 25 Desemba 1900, na Toronto ilikuwa miongoni mwa sehemu 25 zilizoshiriki. Huhitaji kuyajua majina yote. Mwenye macho mazuri na mwenye kalamu hugawana kazi.

Ukimkuta ndege aliyekufa, usimguse wala usimruhusu mbwa kumnusa. Piga simu 311, namba ya huduma za Jiji, kisha taja jina la bustani, alama iliyo karibu, aina ya ndege kama unaijua, na idadi, kwa kuwa mmoja na kumi ni taarifa tofauti kabisa. Aliyejeruhiwa hatakiwi kupelekwa nyumbani akafugwe hadi apone. Ontario inakupa saa 24 tu za kumfikisha kwa mtunzaji aliyeidhinishwa, na ni vema umpigie mtunzaji huyo kabla hujamshika ndege, kwa sababu huenda akakuambia umwache alipo.