Goti la mzee linauma baiskelini? Anza na siti

Mtu akitembea, kila hatua goti hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Akishuka kwa miguu kutoka Kibosho, kule mlimani, kwenda Moshi mjini, mzigo unazidi hapo. Kwenye baiskeli, katika njia tambarare, sehemu kubwa ya uzito huo hukaa kwenye siti, na goti linakunjika na kunyooka mamia ya mara bila kupondwa. Ndiyo maana sisi watu wa fiziotherapia huwashauri baiskeli wazee ambao magoti yamesagika na kutembea kumekuwa adhabu. Halafu mzee anaendesha wiki mbili, anaiegemeza ukutani na kusema umri umefika. Mara nyingi umri hauhusiki kabisa. Siti iko chini mno, na dawa yake ni spana ya 13 au 14.

Siti hushushwa kwa sababu ya woga. Mzee anataka akikaa nyayo zote mbili ziguse ardhi. Lakini siti ikiwa chini hivyo, kila pedeli inapofika juu goti linakunjika kupita kiasi, na pia ya goti inakandamizwa kwenye mfupa wa paja huku msuli ukisukuma kwa nguvu. Fanya hivyo nusu saa, kesho yake ngazi zitakushinda.

Kimo cha siti hupimwa hivi. Vaa viatu utakavyoendeshea. Mtu akushikie usukani, kaa sawasawa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kuinamia upande. Ukirudisha mguu ukanyagie sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki na mkunjo mdogo wa nyuzi 25 hadi 35. Hapo ndipo. Aliyezoea siti ya chini asiipandishe yote siku moja. Nusu sentimita kwa wiki inatosha, misuli ya nyuma ya paja ipate muda wa kuzoea. Na angalia bomba la siti: lina alama ya mstari kuonyesha mwisho wa kulitoa. Ukiuona mstari huo nje ya fremu, bomba limetoka mno na linaweza kukatika ukiwa juu yake. Mwambie fundi akutafutie refu zaidi.

Baada ya hapo, maumivu yenyewe yatakuambia kilichobaki. Yakiwa mbele ya goti, siti bado iko chini au unasukuma gia nzito. Yakiwa nyuma ya goti, au nyonga zikicheza kushoto na kulia ukikanyaga, umepitiliza juu. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete maana yake mikono imebeba uzito usio wake: usukani uko chini au mbali, au siti imeinamia mbele na wewe unateleza. Ganzi sehemu za siri, jambo ambalo wazee wa kiume hawalisemi mpaka waulizwe, kwa kawaida hutokana na pua ya siti iliyoinuka. Ilaze sambamba na ardhi, na kila baada ya dakika 10 simama kwenye pedeli kidogo damu ipite. Ganzi ikibaki hadi kesho yake, muone daktari.

Sasa ule woga wa kuanguka. Ni woga wa haki, ila tiba yake si siti. Tiba ni namna ya kusimama na namna ya kupanda. Unaposimama, usibaki umekaa: finya breki, teleza mbele utoke kwenye siti, weka mguu mmoja chini. Kupanda kunaleta ajali zaidi. Ile staili ya ujana ya kurusha mguu juu ya keria huku baiskeli ikitembea inataka nyonga laini na mizani nzuri, na katika miaka 70 vyote viwili vimepungua. Tafuta fremu isiyo na chuma cha juu, ile inayoitwa baiskeli ya kike. Wazee wengi wa kiume huikataa kwa aibu. Aibu hiyo ni ghali kuliko baiskeli yenyewe, kwa sababu nyonga ikivunjika uzeeni wengi hawarudi kutembea kama zamani. Inamisha baiskeli kuelekea kwako, shika breki zote mbili, vusha mguu, kisha ndipo ukae. Rudia uani mpaka mwili uzoee, upande wa kushoto na wa kulia.

Breki nazo zinataka neno lake, hasa kwa baiskeli za mtumba. Zilizotoka Japani au Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Nyingi zilizotoka bara la Ulaya iko mkono wa kushoto. Nyingine hazina breki ya nyuma mkononi kabisa, unakanyaga pedeli kinyumenyume. Mzee aliyezoea mpangilio mmoja akibadilishiwa bila kuambiwa, siku ya dharura atafinya ya mbele peke yake kwa nguvu zote. Kabla hujalipa, inua kila gurudumu, lizungushe, finya, ujue mkono upi unashika wapi. Ukitaka zibadilishwe, fundi atahamisha waya.

Gia ni nusu ya tatizo la magoti. Baiskeli ya Phoenix ya kawaida ina gia moja, na ni nzito kwa goti lililosagika. Hesabu mguu mmoja kwa sekunde 15: ukizunguka mara 15 hadi 20, yaani mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika, uko pazuri. Ukipata 10, unasukuma kwa nguvu badala ya kuzungusha. Kwenye baiskeli yenye gia, shuka gia. Kwenye yenye gia moja, fundi anaweza kubadilisha sproketi ya nyuma. Kutoka meno 18 kwenda 22 hupunguza uzito wa kukanyaga kwa karibu asilimia 18. Utakwenda taratibu zaidi, na mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa kipande.

Moshi ina tabia moja ambayo mwendesha baiskeli mzee lazima aipange mapema: ukielekea kaskazini unapanda mlima, ukielekea kusini unashuka. Anayekaa Kibosho, Machame au Old Moshi ataanza kwa mteremko akiwa na nguvu, na kurudi kwa mlima akiwa amechoka, jua likiwa limepanda. Huo ni mpango mbaya. Bora baiskeli ikae kwa ndugu mjini, mzee ashuke na daladala. Na akilazimika kuteremka na baiskeli, asishikilie breki mfululizo. Rimu hupata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Afinye, aachie, afinye tena. Njia tambarare ziko upande wa chini, kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, ila kule kuna joto, na msimu wa kuvuna miwa matrekta na malori ni mengi. Shanty Town kuna kivuli na magari machache kuliko katikati ya mji, ingawa kufika kwenyewe ni kupanda. Barabara kuu ya Arusha kwenda Himo sipendekezi kwa mzee yeyote, saa yoyote. Kwenye kipilefti chenye bodaboda nyingi, shuka usukume. Saa 12:30 asubuhi toka, saa 2:30 uwe umerudi, hasa Januari na Februari.

Sasa kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kwa wenye miaka 65 na zaidi ni hizo hizo. Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze na dakika 10, siku tatu au nne kwa wiki, aongeze dakika 5 kila wiki. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kipimo hicho ni bora kuliko mapigo ya moyo kwa wazee wetu wengi, kwa sababu wanaomeza dawa za presha na moyo kama atenolol au propranolol mapigo yao hayapandi inavyotarajiwa, na ukifuata hesabu ya mapigo utawachosha kupita kiasi.

Usidhani uzeeni ni kudumisha tu. Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa 1911, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja mwaka 2012 akiwa na miaka 100, na mwaka 2014 akarudia akafika 26.92. Wanasayansi waliompima kati ya hapo walikuta uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni umeongezeka. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa nyepesi, sehemu ndogo ngumu. Baada ya miezi miwili ya kuzoea, mzee mwenye afya anaweza kuchanganya hivyo: katika dakika 30, dakika moja ya kuhema mara nne, kila moja ikifuatiwa na dakika tatu za taratibu.

Presha ikipimwa ukiwa umetulia na ya juu ikawa 180 au zaidi, au ya chini 110 au zaidi, usitoke siku hiyo. Nenda kituo cha afya. Wanaotumia dawa za kukojoza maji wanywe maji kabla ya kutoka na wasisimame ghafla mwishoni. Dakika 5 za kuzungusha polepole huzuia kizunguzungu. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya glibenclamide wapime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), wale kitu chenye gramu 15 za wanga, kwa mfano nusu chupa ya soda ya kawaida, wapime tena. Wajue pia kwamba sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku. Metformin peke yake mara chache huleta shida hiyo. Kifua kikibana, au pumzi ikikata kuliko kazi unayofanya, simama hapo hapo, na usirudi nyumbani kwa kuendesha.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa baiskeli hawapendi kusikia: baiskeli haijengi mifupa. Kwa sababu ile ile inayoliokoa goti, mfupa haupati mzigo wa kuuamsha. Anayeendesha tu bila kingine anaweza kuwa na moyo wa kijana na mifupa myepesi. Kwa hiyo ongeza kiti. Kiti cha kawaida cha kulia chakula, kimo cha sentimita 43 hivi, mgongo wake ukutani; kigoda hakifai. Kunja mikono kifuani, simama wima, kaa taratibu. Hesabu mara ngapi kwa sekunde 30. Mwanaume wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya 12, na mwanamke wa umri huo chini ya 11, miguu ni dhaifu na hatari ya kuanguka ni kubwa. Huyo aanze na kiti kabla ya baiskeli: seti 3 za mara 8, siku tatu kwa wiki. Ikishakuwa rahisi, ashike dumu la lita 5 lenye maji. Pamoja na hilo asimame mguu mmoja karibu na meza, sekunde 10 kila upande. Asiyeweza hata sekunde 5 abaki chini kwanza, kwani juu ya baiskeli mizani haitakuwa bora kuliko alivyo ardhini.

Misuli haijengwi na ndizi peke yake. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, isipokuwa kama daktari amempa kikomo kwa ajili ya figo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, yai 6, glasi ya maziwa 8. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, chenye maharage ya kutosha ni bora kuliko mtori, ile supu nzito ya ndizi, wenye nyama ya kuonjea. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ibaki kwa baada ya baiskeli kuegeshwa.

Masika ikianza, Machi hadi Mei, njia za vumbi zinakuwa utelezi na rimu iliyolowa haishikwi vizuri na breki. Hamia kwenye kiti na ngazi, na kutembea kibarazani mvua ikipisha. Mwezi Juni kabla ya kurudi barabarani, vuta waya za breki uone kama zimeshika kutu ndani ya ala yake, tia mnyororo mafuta, jaza upepo, na urudie kile kipimo cha sekunde 30. Kama idadi imeshuka kuliko ya Machi, wiki mbili za mwanzo endesha nusu ya muda uliokuwa umefikia.