Si mpira wa kupinda unaoua kiwiko: dhana potofu kuhusu mkono wa mrushaji wa besiboli

"Daktari, mwanangu harushi mpira wa kupinda hata siku moja. Sasa kiwiko kinamuuma kwa nini?"

Kwanza, mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Pili, swali hili nimeshaulizwa hapa Texas kwa Kiingereza, kwa Kihispania na siku hizi kwa Kiswahili, maana watoto wetu nao wameingia besiboli shuleni na wanaipenda kweli. Acha niandike mara moja, anayeniuliza kesho nimtumie hii.

"Maadamu harushi mpira wa kupinda, yuko salama"

Mpira wa kupinda ni ule unaozungushwa wakati wa kurushwa ili ubadili njia hewani na kumpotosha mpigaji. Katika dhana zote, hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu imegeuka kisingizio. Mzazi anamkataza mtoto kukunja kifundo cha mkono, anajiona ametimiza wajibu wake, halafu anamwandikisha timu ya shule, timu ya mtaa na timu ya kusafiri wikiendi. Mtoto anarusha Jumanne, Alhamisi, Jumamosi mara mbili. Mkono ukiuma, wa kwanza kulaumiwa ni mpira wa kupinda ambao hata hajaurusha.

Mwaka 2008 watafiti wa American Sports Medicine Institute, Birmingham, Alabama, walichapisha vipimo vya warushaji watoto waliopigwa picha kwa kamera za kasi. Mpira ulioelemea kiwiko zaidi ulikuwa ule wa kasi, wa kunyooka, ambao wazazi wanauona hauna neno. Wa kupinda ulikuwa chini yake. Sisemi mtoto wa miaka tisa afundishwe kupinda. Kuna utafiti wa 2002 uliouhusisha na maumivu ya bega kwa watoto, na mimi mwenyewe huwa nawaambia makocha wamfundishe kwanza kulenga, kisha mpira wa polepole unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono. Huo peke yake unawababaisha wapigaji mpaka sekondari. Lakini kumzuia kupinda huku ukimwacha arushe mwaka mzima ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kinachokiumiza kiwiko kinatokea pale mkono unapolala nyuma kabisa, kiganja kikitazama juu, na kiwiliwili kimeshaanza kugeuka mbele. Kwa mrushaji mtu mzima, nguvu inayotaka kukifungua kiwiko upande wa ndani wakati huo hufikia nyutoni-mita 64 hivi (ni kipimo cha nguvu ya kupinda kiungo). Ligamenti ya upande huo, yaani utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa, ilipopimwa peke yake kwenye maabara, kwa mikono ya maiti, ilikatika ikifika karibu 32. Maana yake, kila mrusho wa nguvu ungetosha kuikata kama ingeachwa peke yake. Haiachwi, kwa sababu misuli ya kigasha inakaza na kuubeba mzigo uliobaki pamoja na mifupa yenyewe. Misuli ikichoka, mzigo mwingi zaidi unairudia ligamenti. Kwa mtoto ambaye mifupa haijafunga, kinachoachia kwanza mara nyingi ni sehemu laini ya ukuaji, pale mfupa unapochomoza ndani ya kiwiko. Nikimbonyeza hapo anaruka kitandani, hata kama dakika mbili zilizopita aliniapia kwamba hana maumivu.

Kwa hiyo cha kumuuliza mtoto ni amerusha mara ngapi, na alikuwa amechoka kiasi gani. Aina ya mpira inakuja baadaye. Takwimu hapa zinatisha. Utafiti uliochapishwa 2006 ulilinganisha vijana waliofikia kupasuliwa bega au kiwiko na wenzao wazima. Waliokuwa na kawaida ya kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa kwenye kundi la waliopasuliwa. Waliorusha kwenye mashindano zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano. Hapa kwetu kusini hakuna theluji ya kumlazimisha mtu kupumzika, basi mizunguko ya mashindano haina mwisho, na sisi tunaosubiri kliniki ndio tunaoyaona matokeo.

Mwaka 2014 Major League Baseball, ligi kuu ya kulipwa, na USA Baseball, shirikisho la besiboli la Marekani, walitoa mwongozo unaoitwa Pitch Smart. Mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku. Wa miaka 14 kushuka chini akifikisha 66, apumzike siku nne. Ni rahisi kuufuata, na makocha wengi wanaufuata, ila kila kocha anahesabu mirusho ya timu yake tu. Mirusho ya kupasha mwili moto haimo. Mazoezi ya Jumatano kwenye timu ya pili hayamo. Wala haimo mirusho ya mtoto anayetoka kwenye kilima cha mrushaji akavaa kinga na kuchuchumaa kuwa mdakaji, ambaye anarudisha kila mpira unaomfikia. Mwongozo wenyewe unashauri mrushaji asifanye pia kazi ya mdakaji. Nimemwona mtoto aliyerusha 70 kwenye daftari la kocha, na tulipokaa na mama yake tukahesabu kila kitu, siku ile ilikuwa imevuka 150.

Dawa yangu ni karatasi kwenye mlango wa friji. Aandike mtoto mwenyewe, kila siku, kila timu, na pembeni aweke alama kama mkono ulichoka. Wazazi wananicheka, wanataka mashine. Wiki mbili baadaye wanarudi na karatasi na hawacheki tena.

"Akipasuliwa atarudi na kasi zaidi"

Hili nalo nalisikia, na mara nyingine kwa mtoto ambaye hajaumia kitu! Si Texas peke yake. Watafiti waliowahoji wachezaji wa sekondari za Marekani na kuchapisha majibu mwaka 2012 walikuta karibu nusu yao wanaamini mtu asiye na jeraha anaweza kupasuliwa kiwiko ili aongeze uwezo.

Upasuaji wenyewe ulianza Septemba 1974, Dk. Frank Jobe alipochukua kano (ule uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa) ya mkono mwingine wa Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, akaipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa mfupani iwe ligamenti mpya. John alirudi 1976 akarusha hadi 1989, na michezo 164 kati ya 288 aliyoshinda maishani aliishinda baada ya kupasuliwa. Hadithi nzuri, na ndiyo iliyowalevya watu. Wanasahau kwamba anayerudi huchukua mwaka hadi mwaka na nusu, akijenga miguu, mgongo na bega kila siku, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla. Kama ana miaka 16, katika muda huo amerefuka na kunenepa pia. Hiyo kasi angeipata bila kisu. Na wale ambao hawakurudi huwaoni uwanjani uwaulize.

"Sisi tulitungua maembe kwa mawe utoto mzima, nani alipasuliwa?"

Hii ni ya wazee wetu tu, Mmarekani hawezi kuniambia. Ni kweli binadamu ameumbwa kutupa. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha jinsi bega letu linavyojivuta na kuhifadhi nguvu kisha kuiachia kwa ghafla, kitu ambacho sokwe, pamoja na misuli yake yote, hawezi. Lakini, mzee wangu, wewe ulitupa jiwe, ukakaa, ukala embe. Ulitupa kwa pembe tofauti kila mara, kwa nguvu ya kutosha kufika tawini tu, na ukichoka ulimwachia mwenzako. Hukusimama juu ya kilima kurusha mara themanini kwa nguvu zako zote, mwendo uleule, huku baba yako amesimama nyuma ya uzio na kipima kasi.

"Nguvu ziko mkononi, kwa hiyo ajenge mkono"

Hapana. Zinaanzia mguuni, zinapanda nyonga na kiwiliwili, mkono ndio unaozipokea mwishoni. Mrushaji maarufu Pedro Martínez hakuwa mtu wa miraba minne, urefu wake ni kama mita 1.80, na alichukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, mara tatu. Mtoto asiyeweza kusimama imara kwa mguu mmoja kwa nusu dakika sina haja ya kumpa vyuma vya mkono.

"Mpira wa kasi wa bingwa unapanda angani"

Haupandi. Mzunguko wa kurudi nyuma unaupunguzia kushuka, basi jicho la mpigaji linadanganyika. Mrushaji Aroldis Chapman alirusha kilomita 170 kwa saa mwaka 2010, na hata wake ulishuka. Kupinda, kwa upande mwingine, ni kweli kabisa. Mwanafizikia Mmarekani Lyman Briggs alikupima maabara mwaka 1959 akapata hadi sentimita 44.

"Barafu inaondoa asidi ya laktiki mkononi"

Asidi hiyo, inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi kwa nguvu, mwili unaiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi, kabla hamjafika nyumbani. Barafu inapoza maumivu, basi. Mtoto akiihitaji kila baada ya mchezo ndipo alale, usinunue mfuko mwingine, mlete tuone. Na karatasi ya friji aje nayo.