Kwani waranti ni vocha?

Mwaka jana mama mmoja wa Segerea aliingia ofisini kwangu na bahasha ya kaki, akaketi, akajifuta jasho, kisha akasema: "Wakili, nieleze kitu kimoja tu. Kwani waranti ni vocha, ukishakwangua basi?"

Swali hilo alikuwa ameanza kuliuliza dukani, hakujibiwa. TV yake ya inchi 55, aliyoinunua zamu yake ya kupokea hela ya mchezo ilipofika, ilikufa mwezi wa 20. Kwa kuwa alikuwa amelipia waranti ya nyongeza ya miaka miwili juu ya ule mwaka mmoja wa kiwandani, walimbadilishia bila maneno mengi. Akashukuru, akaita kirikuu, akaenda zake. Miezi mitano baadaye ile ya pili nayo ikawa inatoa sauti bila picha. Akarudi. Kijana wa mapokezi akabofyabofya kompyuta, akamwambia, "Mama, waranti yako ilishatumika."

Naijua sentensi hiyo kwa sababu nimeisema mwenyewe. Kabla ya uwakili, nilipokuwa nasoma sheria jioni, nilikaa miaka minne kwenye dawati la waranti la duka moja la vifaa vya umeme hapa Dar. Sikuwa nadanganya watu. Nilikuwa nasoma kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, na kilichoandikwa ni "imefungwa". Ni nani aliyeifunga na kwa haki gani, halikuwa swali la mshahara wangu.

Watu wengi wanaamini wamenunua kitu kimoja, TV yenye waranti ya miaka mitatu. Kumbe wameingia mikataba miwili. Wa kwanza ni ununuzi wa TV yenyewe, ambao unakuja na waranti ya mtengenezaji, mara nyingi mwaka mmoja. Wa pili ni ile waranti ya nyongeza, iliyolipiwa kwa hela yake, yenye karatasi yake na masharti yake, na mara nyingine mwenye kuwajibika si yule aliyekuuzia TV. Geuza karatasi uangalie upande wa nyuma, chini kabisa, maandishi ya ukubwa wa chawa. Pale ndipo utakuta kama ni duka, ni wakala wa kampuni ya TV, au ni kampuni ya bima. Jibu la hapo ndilo litakaloamua unamdai nani.

Sasa turudi kwenye vocha. Ukweli usiopendeza ni kwamba baadhi ya mikataba hii kweli imeandikwa kama vocha. Kuna kipengele kinachosema kwamba tukikubadilishia kifaa, tumemaliza wajibu wetu na mkataba umekwisha. Mingine inasema kifaa kipya kinaendelea na muda uliobaki wa kile cha zamani. Michache sana inasema muda unaanza upya. Na mingine, ambayo mimi kama wakili naipenda kuliko yote, haisemi chochote. Kwa mama yule tofauti ilikuwa miezi mingi: muda ukiendelea, alikuwa bado na karibu miezi kumi na moja, ukikatika, alikuwa na kipande cha plastiki cha inchi 55 ukutani.

Mkataba wake nilipoufungua, ulikuwa umenyamaza. Ulisema "kutengeneza au kubadilisha ndani ya miezi 36", basi. Mkataba ulioahidi miezi 36 na haukusema kwamba ahadi inakatika ukibadilishiwa, mimi nausoma kuwa ni miezi 36. Duka ndilo lililouandika, na kama lilitaka ukatike, lilikuwa na kalamu na nafasi ya kusema hivyo.

Nilianza kufurahi. Kisha akatoa karatasi nyingine ndani ya bahasha.

Hii ndiyo karatasi ninayotaka uikumbuke. Ni nusu ya A4, imechapwa kwa Kiingereza, na huwa inaletwa mwisho kabisa, TV ikiwa imeshapakiwa na dereva wa kirikuu anapiga honi. "Saini hapa mama, ni ya kupokea mzigo." Mstari wa kwanza kweli ni wa kupokea mzigo. Mstari wa pili unasema kifaa kimepokelewa kikiwa katika hali nzuri. Wa tatu unasema mteja ameridhika kikamilifu na hana dai lingine lolote sasa au baadaye chini ya mkataba ule. Chini yake kulikuwa na saini yake, nzuri, ya mwalimu mstaafu.

Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pande mbili zikikubaliana kuweka mkataba mpya mahali pa ule wa zamani, wa zamani hauna tena haja ya kutekelezwa. Wakili wa duka atasema nusu karatasi ile ndiyo makubaliano hayo. Mimi nitasema aliambiwa ni risiti ya mzigo, kwa lugha ambayo hakuelezwa, na hakupewa chochote cha ziada kwa kuachia miezi yake iliyobaki. Hoja ninayo, lakini kushindana kwa hoja kunachukua muda, na bora usiwe na haja ya kushindana kabisa. Kwa hiyo ukiletewa karatasi hiyo, andika kwa mkono wako, juu ya saini: "Nimepokea TV tu. Haijajaribiwa. Muda wa waranti uliobaki unaendelea." Andika kwa Kiswahili, hakuna sheria inayokukataza. Piga picha. Kijana akikataa kupokea ikiwa hivyo, muulize kwa upole meneja yuko wapi. Ajabu ni kwamba wengi hawakatai. Mimi enzi zangu ningepokea, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kupata saini, si kusoma kilicho juu yake.

Tuache waranti pembeni kidogo. Hata ile ya nyongeza ikifa, hujabaki mikono mitupu, na hapa ndipo wauzaji wengi wa Kariakoo na hata wa kwenye maduka yenye viyoyozi wanapojisahau. Ile stempu ya "mali ikishauzwa hairudishwi" inaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Haibadilishi kitu kibovu kuwa kizima. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ni ya tangu enzi za Mwingereza, inaingiza kwenye mauzo masharti ambayo hayakutamkwa na mtu yeyote: kwamba kitu ulichonunua kwa maelezo kilingane na maelezo, na kwamba kwa muuzaji anayefanya biashara ya vitu vya aina hiyo, kiwe na ubora wa kustahili kuuzwa. Juu yake ikaja Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima kuhusu masharti ya mikataba ya mlaji na wajibu wa watengenezaji, na inayokataza kumpotosha mlaji, yakiwemo mambo ya dhamana na haki alizonazo. Mtu akikuambia "huna haki yoyote hapa" wakati unazo, hilo lenyewe ni kosa jingine.

Kuna mtego mmoja tu. Ukishaipokea bidhaa kisheria, haki ya kuirudisha na kudai fedha yako yote inapungua, unabaki na haki ya fidia. Na kupokea kisheria si kubeba mzigo. Unahesabiwa umepokea ukisema umeikubali, au ukikaa nayo muda wa kutosha bila kusema kitu. Lazima kwanza upate nafasi ya kuikagua. Ndiyo maana ule mstari wa pili wa nusu karatasi, "katika hali nzuri", una uzito kuliko unavyoonekana, na ndiyo maana TV ya kubadilishiwa unaikagua kwa ukali kuliko uliyonunua. Ile ya kwanza ilitoka kwenye boksi lenye gundi ya kiwandani. Hii ya pili inaweza kuwa imetoka hukohuko, au inaweza kuwa imerudishwa na mwenzako wa Mbagala, ikatengenezwa, ikafutwa vumbi.

Angalia mgongoni. Pale kwenye stika kuna namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ilinganishe na iliyoko kwenye boksi. Zikitofautiana, uliza. Tazama skrubu za mgongo: zilizowahi kufunguliwa huwa na vichwa vilivyochubuka, zinang'aa pale rangi nyeusi ilipotoka. Iwashe hapohapo, iache dakika 20, siyo zile sekunde tano za Kariakoo ambapo kijana anaiwasha, rangi zinaonekana, anaizima, biashara imeisha. Kisha hakikisha namba mpya imeandikwa kwenye mkataba wako wa waranti na kugongwa muhuri, kwa sababu waranti inafuata namba na si jina lako. Nimewahi kumkatalia mzee wa watu kwenye dawati kwa sababu namba ya TV aliyoleta haikuwa kwenye mfumo wetu. Ilikuwa ni sisi tuliombadilishia, na sisi tuliosahau kuiandika.

Risiti nayo. Ukibadilishiwa bila kuongeza hela hakuna mauzo mapya, kwa hiyo usitegemee risiti mpya ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Ile ya kwanza ndiyo ushahidi wako mpaka mwisho, pamoja na hati ya makabidhiano yenye tarehe. Ukiongeza hela kuchukua TV kubwa zaidi, dai risiti ya EFD ya hiyo nyongeza. Na kwa kuwa karatasi ya EFD inachapwa kwa joto, maandishi yanafifia ukiiacha kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari. Toa kopi siku hiyohiyo. Nakuomba sana usiitie laminesheni. Joto la ile mashine linaigeuza nyeusi tii. Nimeletewa za namna hiyo tatu, zimehifadhiwa vizuri kabisa na hakuna herufi hata moja inayosomeka.

Utakutana pia na neno "umeme". Karibu kila waranti inatoa nje uharibifu wa umeme kupanda na kushuka, na katika jiji ambalo TANESCO ikikata na kurudisha watu wanakimbilia kuchomoa friji, ni rahisi mno kwa fundi wa duka kuandika neno hilo moja na kufunga faili. Usilikubali likiwa peke yake. Anayedai kwamba umeme ndio ulioua aonyeshe: bodi ipi imeungua, sehemu gani, picha iko wapi. Omba ripoti yenye jina la fundi na tarehe. Mama yule nilimwambia aende nyumbani, usiku azime taa za sebuleni, awashe TV na amulike kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Akanipigia saa tatu usiku: "Wakili, watu ninawaona! Wako gizani lakini wanatembea." Maana yake kioo kilikuwa kizima na picha ilikuwepo, kilichokufa ni taa za LED zinazokaa nyuma ya kioo, au sehemu inayozilisha. Si ushahidi wa kumaliza kesi, ila ni vigumu kuiita hiyo radi.

Mengine ni ya kawaida. Barua fupi kwa duka, nakala ibaki kwako na muhuri wa kupokelewa. Mimi hutoa siku 14. Wakinyamaza, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji, na ndiyo hiyohiyo inayopitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja. Kama mgongoni mwa karatasi ni kampuni ya bima, njia yako inapita kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakama ipo, na dai la mkataba lina miaka sita ya ukomo kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, lakini kwa TV moja mimi mwenyewe huwa namwambia mteja apige hesabu ya nauli na siku za kukaa kwenye benchi kwanza.

Kesi ya Segerea haikufika huko. Barua ilitaja miezi 36, ikataja nusu karatasi na jinsi ilivyosainiwa, ikaomba ripoti ya fundi. Siku ya kumi na moja meneja alinipigia, sauti laini, "kaka tuyamalize". Hawakumpa TV ya tatu, wala hela, na kwenye hilo sikuridhika sana. Waliichukua, wakabadilisha taa zote za nyuma, wakairudisha kwa usafiri wao, na kwenye mkataba wakaandika kwa kalamu namba ya TV ya pili na tarehe ya mwisho ileile ya mwanzo. Miezi miwili iliyokaa kwa fundi hawakuirudisha. Niliiomba, wakakataa, na mama akasema yatosha.

Wiki iliyofuata alipita ofisini kunionyesha. Akachomoa mkataba kutoka kwenye ile bahasha, ukiwa umeshatiwa laminesheni, unang'aa. Moyo ulinipasuka. Kisha nikasogea karibu, nikaona ni karatasi ya kawaida, na wino wa peni wa meneja bado ni wa bluu.