Kuzimua mara saba sio kuongeza maji mara saba

Jamani hii "moja kwa saba", yaani jiki (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) kikombe 1 kwa maji vikombe 7, nimekutana nayo tena wiki hii, safari hii imeandikwa kwa maka peni kwenye ndoo ya zahanati, nikaona bora niandike. Kuzimua ni kupunguza ukali wa myeyusho kwa kuongeza maji, dawa inabaki ileile ila imetawanyika kwenye maji mengi zaidi, kwa hiyo ukali wa mwanzo mara ujazo wa mwanzo ni sawa na ukali mpya mara ujazo mpya. Hesabu imeisha hapo.

Shida iko kwenye huo ujazo mpya. Ni WOTE, dawa pamoja na maji, sio maji peke yake. Chukua jiki ya asilimia 3.5 (soma lebo, sio zote ziko sawa), unataka ya 0.5 ya kufutia damu sakafuni. 3.5 gawa kwa 0.5 unapata 7, sawa kabisa, lakini hiyo 7 ni jumla ya vikombe vyote ndooni na kimoja tayari ni jiki, kwa hiyo maji ni vikombe 6. Ukimimina 7 ndoo ina 8 na jiki yako imeshuka hadi kama 0.44. Mtu atasema tofauti ndogo hiyo, haya, sasa mwambie azimue mara mbili kwa mtindo huohuo, maji mawili dawa moja, alitaka nusu kapata theluthi.

Na lugha yetu ilishalisema hili zamani. Bibi akikwambia zimua maji ya kuoga hakuulizi umetia kata ngapi za baridi, anachovya mkono kwenye beseni aone yote kwa pamoja yamekuwaje. Ukolezi, yaani huo ukali wa myeyusho, nao unatoka kwenye kolea, chai ikikolea majani imekolea kikombe kizima.

Ndio maana maabara wanasema jaza mpaka alama. Spiriti ya asilimia 96, ukitaka lita moja ya 70 unapima mililita 729 halafu unajaza maji mpaka mstari wa lita. Ukiyapima pembeni maji 271 ukayamimina yote utashangaa hujafika mstarini, maana spiriti na maji vikichanganyika vinasinyaa kidogo.

Kwa hiyo dada yangu wa ile ndoo, futa tu hiyo 7 uandike: jiki kikombe 1, maji vikombe 6.